Usiku wa Neria Kibondo, na sinema nyingine za njiani kwenda Kasulu

Basi likishaiacha Nyakanazi na kushika njia ya Kakonko, abiria waliotoka Pwani huanza kutafuta masweta. Hii si Kigoma ya kwenye picha, ile ya ziwa, migebuka na michikichi. Huku ni Kigoma ya juu, nchi ya Waha: vilima, udongo mwekundu, misitu ya miombo, migomba nyuma ya nyumba za tofali za kuchoma, na muhogo mweupe ulioanikwa kando ya barabara. Wauza asali husogelea madirisha ya basi wakiwa na chupa za maji zilizojazwa mpaka shingoni. Wanasema asali ya Kibondo haina mpinzani. Nimeinunua mara mbili, siwabishii.

Kazi yangu ni kuandika habari za afya. Kibondo na Kasulu nilikwenda kwa ajili ya chanjo na kliniki za wajawazito, na habari hizo zilishatoka. Kilichobaki kwenye daftari ni mambo ya jioni, baada ya kazi. Nina tabia ya kutembea na filamu kwenye flashi, hasa zile zinazohusu wanawake na watu waliosukumwa pembeni. Nyingi nilizitazama nikiwa chuoni, kwenye ukumbi wenye viyoyozi, pamoja na wanafunzi wenzangu waliokuwa wakiandika dondoo. Safari hii nimezitazama na watu wanaoyajua mambo hayo bila kuandikiwa.

Wilaya hizi si ngeni kwa sinema za namna hiyo. Tangu miaka ya 1990 zimekuwa zikipokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianza 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nduta ya Kibondo, iliyokuwa imefungwa, ilifunguliwa tena Oktoba 2015 baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka huo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la FilmAid, lililoanzia kwa wakimbizi wa Kosovo mwaka 1999, lilikuwa likionyesha filamu usiku katika kambi ya Kakuma, Kenya, na katika kambi za huku Kigoma. Skrini kubwa, jenereta, spika, na giza. Burudani kwanza, kisha filamu za Ukimwi, ukatili majumbani na haki za watoto, na mazungumzo baada yake. Dereva wa bodaboda aliyenibeba Kibondo, kaka wa miaka thelathini na kitu, aliniambia utotoni walikuwa wakitembea kutoka kijijini kwenda kuchungulia sinema ya wakimbizi, na wakirudi walichapwa. "Tulichapwa, lakini kesho yake tulikwenda tena," alisema.

Enzi za ukoloni nako waliwahi kujaribu. Kati ya 1935 na 1937, pale Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo na afya, zikazungushwa vijijini kwa gari. Filamu zile zilimwelekeza mtazamaji cha kufanya, na sidhani kama kuna aliyemuuliza maoni yake. Bado zipo filamu zetu za afya zinazofanya hivyohivyo, na watu husinzia.

Sasa nije kwenye usiku wa Neria.

Rafiki yangu ni muuguzi Kibondo. Anasaidia kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, na siku ya kikao chao aliazima projekta, tukasogeza makochi kwenye sebule ya mwenyekiti, tukatumia ukuta uliopakwa chokaa. Walikuja wanawake kumi na tisa, watoto ambao sikuwahesabu, na wanaume wawili waliokaa karibu na mlango kana kwamba wanapita tu.

Kwa asiyeijua, Neria ni filamu ya Zimbabwe ya miaka ya mwanzo ya 1990, iliyoongozwa na Godwin Mawuru kutokana na hadithi ya Tsitsi Dangarembga. Oliver Mtukudzi ameimba humo na pia ameigiza. Neria na mumewe Patrick wamejenga maisha yao mjini kwa jasho la wote wawili. Patrick anafariki kwa ajali. Kaka wa marehemu, Phineas, anakuja na machozi, halafu anachukua gari, fedha za benki, nyumba, mwisho anataka hata watoto. Anasema ndiyo mila. Neria anakwenda mahakamani.

Filamu ni ya Kiingereza, kwa hiyo muuguzi alisimama pembeni ya ukuta akawa anatafsiri, nusu Kiswahili nusu Kiha, kama wale madijei wa filamu za kutafsiriwa. Aliongeza na ya kwake. Phineas alipofungua kabati la marehemu, muuguzi alisema, "Anatafuta kadi ya benki huyo, wala hana jingine," na sebule ikacheka. Kilichonishangaza ni kwamba Patrick alipokufa hakuna aliyetoa sauti. Kelele zilianza shemeji alipokuja na fenicha zikaanza kutoka. Mama mmoja alisema, "Huyo tunaye." Mwingine akasema, "Sisi tunao wawili."

Chuoni wenzangu walikuwa wakisema Phineas amechorwa mbaya mno, kwamba binadamu wa kweli hawi hivyo. Bado naona wana hoja: filamu ingekuwa nzito zaidi kama shemeji angekuwa na siku moja ya aibu. Lakini sebuleni Kibondo hakuna aliyelalamika kwamba Phineas amezidishwa. Walichokitilia shaka ni mahakama.

Bibi mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, alisubiri taa iwashwe ndipo aliponiuliza, "Mwanangu, huyo binti mahakama yake iko mbali?"

Nikamjibu kwamba iko mjini alikokuwa akiishi.

"Na rafiki aliyemtuma aende, alisoma?"

"Ndiyo bibi, alikuwa mtu mwenye kujua mambo."

"Basi huyo alikwisha kushinda kabla hajaondoka nyumbani. Sisi hesabu yetu inaanza na nauli."

Hapo mazungumzo yakawa marefu kuliko filamu. Niliwaeleza ninachokijua, na muuguzi akanisaidia. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi. Lakini kwenye mirathi ya kimila bado lipo Tamko la Sheria za Kimila la 1963, ambalo kwa makabila mengi linamwacha mjane mwenye watoto bila fungu lake mwenyewe, kwa maelezo kwamba watoto ndio watakaomtunza, na linawaweka watoto wa kike daraja la mwisho. Wajane wawili mafundi cherehani wa Shinyanga walilipinga. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba sheria hiyo ni ya kibaguzi lakini ikakataa kuifuta. Wakaenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, ambayo mwaka 2015 iliwapa ushindi. Akina mama walisikiliza. Mmoja akauliza kama baada ya ushindi huo walirudishiwa nyumba. Muuguzi alinitazama, mimi nikatazama ukuta. Ushindi wa Geneva na ufunguo wa nyumba ya Shinyanga ni vitu viwili.

Watu walipokuwa wakitoka, mama kijana mwenye mtoto mgongoni alibaki anakunja kanga yake taratibu sana. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kama cheti cha ndoa kimebaki kwa shemeji mtu anaanzia wapi.

Swali kama hilo halijibiwi kwa pole. Tulikaa naye. Cheti cha ndoa kina nakala: panapofungiwa ndoa panabaki kumbukumbu, iwe kanisani, msikitini au kwa mkuu wa wilaya. Hata pasipokuwa na cheti, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua dhana ya ndoa kwa watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi huku jamii ikiwajua kuwa mke na mume, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa, ndiyo maana mashahidi ni muhimu. Cheti cha kifo hutolewa na RITA kupitia wilaya. Kikao cha familia hupendekeza msimamizi wa mirathi, muhtasari wake huandikwa, na mjane ana haki ya kukaa kwenye kikao hicho na kupendekezwa yeye. Mirathi ya kimila au ya Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Asiyeridhika na jina lililopelekwa anaweza kuweka pingamizi. Kwenye halmashauri yupo afisa ustawi wa jamii, na wapo wasaidizi wa kisheria ambao tangu sheria ya mwaka 2017 wanatambulika rasmi na msaada wao ni bure. Alirudia mara mbili jina la ofisi ya kuanzia, kama anayekariri dozi ya dawa, akaondoka. Muuguzi alimsindikiza mpaka barabarani kwa tochi ya simu.

Kutoka Kibondo kwenda Kasulu unapita Makere, eneo la jirani na Nyarugusu. Kambini huingii bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na mimi safari hii sikuwa nacho, kwa hiyo sina la kusimulia ndani ya uzio. Nje, barabarani, unaona magari meupe ya mashirika, baiskeli zenye mikungu ya ndizi, na watoto wa shule waliovaa masweta ya bluu.

Kasulu ni mji wenye shughuli. Soko limejaa maharage ya kila rangi, na nyuma ya maduka vipo vibanda umiza. Mzazi wa mjini mwenye king'amuzi sebuleni huenda hakijui kibanda umiza, basi nieleze: ni chumba cha mbao au tofali, madirisha yamezibwa kwa magunia ili giza likolee, mabenchi, televisheni moja au mbili, na bango la chaki nje linalosema leo kuna nini. Nilikoingia mimi mtoto alilipa shilingi mia mbili. Jambo la kwanza nililoliona, kwa sababu ya kazi yangu, ni hewa. Watu hamsini chumba kisicho na dirisha, saa tatu mfululizo, na mmoja wao anakohoa. Kifua kikuu hakihitaji mwaliko zaidi ya huo. Jambo la pili ni umri. Saa mbili na nusu usiku walikuwamo watoto wa darasa la tatu wakitazama watu wakichinjana kwa mapanga, na mtafsiri akichekesha juu yake.

Nilimwomba mwenye kibanda aweke Yellow Card. Akauliza ina mapigano? Nikasema haina. "Dada, hiyo itanifukuzia wateja." Nikamwambia mhusika mkuu ni mchezaji mpira. Akafikiri, akasema nitumie muda kabla ya mechi ya Ligi Kuu kuanza.

Yellow Card, ya mwaka 2000, nayo ni ya Zimbabwe, imeongozwa na John Riber, ambaye baadaye alikuja Tanzania na kushiriki kututengenezea tamthilia ya Siri ya Mtungi. Kijana Tiyane ana miaka 17, ana kipaji cha soka, ana ndoto. Mara moja tu na msichana anayeitwa Linda, na mimba inaingia. Filamu nyingi za aina hii zingemfuata Linda mpaka aibu yake iishe. Hii inamfuata Tiyane, na mtoto akishazaliwa analetwa kwake. Vijana walianza kwa kucheka. Tiyane alipobaki na kichanga mikononi, kelele zilipungua, na mmoja akasema kwa nguvu, "Ampelekee mama yake!" Mwenzake wa benchi la nyuma akamjibu, "Mama yake yupi, wake au wa mtoto?" Hapo mpira ukaanza na filamu yangu ikatolewa. Wakati wa mapumziko vijana watatu walinifuata nje kuuliza mwisho wake. Sikuwaambia. Niliacha nakala kwa mwenye kibanda, atajua mwenyewe lini ataiweka.

Lile swali la benchi la nyuma nililala nalo. Kwetu kwa miaka mingi mimba ya shuleni ilikuwa na mtu mmoja wa kuondoka darasani. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata ujauzito. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30, adhabu ambayo imezifanya familia nyingi kuyamaliza mambo kimyakimya, maana baba wa mtoto mara nyingi ni jirani au ndugu. Novemba 2021 ndipo serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua wanaweza kurudi katika shule za kawaida, na aliyelitangaza, Profesa Joyce Ndalichako, alikuwa Waziri wa Elimu na mbunge wa hapahapa Kasulu Mjini. Wazazi niliozungumza nao sokoni walilijua tangazo hilo. Ambalo wengi waliniuliza ni nani atabaki na mtoto mchana, bibi akiwa shamba. Hilo waraka haulijibu.

Nyumba ya wageni niliyofikia, dada wa mapokezi aliniona natazama Binti kwenye simu akaja kukaa. Ni filamu yetu, ya Seko Shamte, ya mwaka 2021, na ina wanawake wanne wa Dar es Salaam: deni, kipigo cha mchumba, mtoto mwenye usonji, mimba zinazoharibika. Haina mahubiri, na ndiyo maana naipenda. Tulipofika kwenye kipigo, yule dada alisimamisha picha kwa kidole. "Nyumba nzuri hivyo, na bado anapigwa?" Alikuwa ameamini kwamba kupigwa kunatokana na shida za pombe ya kienyeji na chumba kimoja. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta wanawake wanne kati ya kumi, wa miaka 15 hadi 49, wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili, na humo wamo wa kila namna ya nyumba. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema wazi kuwa hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Kipo tangu 1971. Nimewahi kuwatajia wanaume wenye digrii wakabaki wananiangalia.

Kwa kuwa ukurasa huu husomwa na wazazi, niliweke na hili la kazini kwangu. Mtu aliyebakwa, mkubwa au mtoto, anahitaji kufika kituo cha afya ndani ya saa 72 ili apewe dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na mapema zaidi ni bora. Dawa za dharura za kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya saa 120, na kadiri saa zinavyopita nguvu hupungua. Asioge kwanza, nguo zisifuliwe. Fomu ya polisi, PF3, inahitajika kwa kesi, ila matibabu ya dharura hayapaswi kuisubiri. Simu ya msaada kwa mtoto ni 116, bure. Filamu hizi huonyesha machozi na huonyesha mahakama, lakini zile saa 72 za katikati huzirukia.

Kilomita chache kutoka Kasulu mjini ipo Kabanga. Wengi wanaijua kwa hospitali ya misheni. Mimi naijua pia kwa watoto wenye ualbino. Mauaji yalipopamba moto Kanda ya Ziwa na magharibi mwa nchi, kuanzia mwaka 2007, watoto waliletwa Kabanga wakae ndani ya ukuta, pamoja na watoto wenye ulemavu mwingine, wasome wakiwa hai. Baadhi wazazi wao waliwatembelea, wengine hawakuonekana tena. Filamu ya Harry Freeland, In the Shadow of the Sun, ya mwaka 2012, inamfuata Josephat Torner, Mtanzania mwenye ualbino, akizunguka vijijini kuwauliza watu uso kwa uso kwa nini wanaua watu kama yeye, na inamfuata pia kijana Vedastus wa Ukerewe anayetaka tu kusoma. Torner hana hasira ninayoitegemea. Anazungumza kama mtu aliyekuja kudai jembe lake aliloazimisha. Sikuipeleka Kabanga. Watoto wale wameshapigwa picha vya kutosha, na wageni wengi wamelia mbele yao.

Lakini sokoni Kasulu nilikutana na mama aliyefuatana na binti yake mwenye ualbino, kofia pana, mikono mirefu, wananunua madaftari. Aliponijua ni mwandishi wa afya hakunieleza mauaji. Alitaka kujua mafuta ya jua yanapatikana wapi, kwa sababu ya msaada yaliisha. Moshi wanatengeneza, yanaitwa Kilisun, na hugawiwa kupitia kliniki zinazotembea; nikampa maelezo ya nani amuulize hospitalini. Tukaongea pia juu ya macho, kwamba mtoto akae dawati la mbele na mwalimu ajue haoni ubaoni, asije akaitwa mzito. Binti alikuwa akichagua daftari lenye picha ya mcheza mpira, mama anataka lenye ramani kwa sababu lina kurasa nyingi.

Siku moja kabla ya kuondoka, muuguzi alinitumia ujumbe kutoka Kibondo. Kikundi kinataka usiku mwingine, ila wamepitisha azimio kwamba isiwe ya kulia. Nikapendekeza Queen of Katwe, ya Mira Nair, ya mwaka 2016, juu ya Phiona Mutesi, binti wa mitaa ya Katwe, Kampala, aliyejifunza chesi akawa bingwa, na mama yake anayeuza mahindi, ambaye ameigizwa na Lupita Nyong'o. Muuguzi akapeleka swali kwa kikundi, jibu likarudi usiku, limeandikwa na mwenyekiti mwenyewe: humo ndani kuna shemeji?

Nikaandika kwamba shemeji hayumo.

"Basi njoo nayo. Tutaleta na watoto."